Jino la Pembe na Dawa ya Pengo

Wazee wetu walisema: jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii hutumika kumkumbusha mtu kwamba kitu cha bandia hakiwezi kushika nafasi ya kitu cha asili kilichopotea. Walimu wengi huifundisha darasani kwa maana hiyo ya ndani, na ndivyo ipasavyo. Lakini ni mara chache mwalimu au mwanafunzi hujiuliza juu ya maana yake ya nje. Kwa nini jino lililochongwa kwa pembe ya ndovu lisiwe dawa ya pengo? Je, ni kwa sababu ya rangi yake, au ugumu wake, au liko jambo jingine lililofichika chini ya ufizi?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tutaona kwamba methali yetu imeshika ukweli mkubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa pengo si nafasi tupu katika safu ya meno tu, bali ni upungufu wa mfupa. Na kitu chochote kisichopatana na mfupa hakiwezi kulitibu. Tutaona pia jinsi sayansi ilivyopata kitu kinachopatana na mfupa, na mipaka ya kitu hicho, hasa kwa vijana walio shuleni.

Mimi si daktari wa meno. Kazi yangu ni kufundisha sayansi ya metali. Hata hivyo, jambo hili linanihusu mwenyewe. Mwaka 1996, nilipokuwa kidato cha pili, nilipigwa kiwiko katika mchezo wa kandanda, na jino langu la mbele la juu likang'oka zima pamoja na mzizi wake. Mwenzangu mmoja aliliokota mchangani. Likasuguliwa kwa sabuni bombani, likafungwa katika karatasi ya daftari, nami nikalitia mfukoni. Kesho yake nilifika hospitali na karatasi yangu. Mganga alilitazama jino lile, akatikisa kichwa. Wote walionihudumia walikuwa na nia njema. Ila hapakuwa na mtu aliyejua kwamba pale uwanjani tulikuwa na muda usiozidi saa moja. Nitaieleza saa hiyo mwishoni mwa makala, kwa maana huenda siku moja mwalimu au mwanafunzi anayesoma maneno haya akaihitaji.

JINO LIMESIMAMAJE?

Jino lina sehemu mbili kuu: taji, ambayo huonekana mdomoni, na mzizi, ambao umo ndani ya taya. Jino la mbele la juu la mtu mzima lina urefu wa yapata milimita 23, na katika hizo milimita 13 hivi ni mzizi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya jino haionekani. Taji imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote vilivyomo mwilini. Ndani ya enameli mna dentini, na ndani ya dentini mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Mzizi haukushikamana na mfupa moja kwa moja kama nguzo iliyojengewa kwa saruji. Kati ya mzizi na mfupa ipo nafasi nyembamba, yapata milimita 0.2, iliyojaa nyuzi nyingi za kano. Kila uzi umefungwa upande mmoja katika mzizi na upande wa pili katika mfupa, kama kamba za kitanda zilivyofungwa baina ya mbao zake. Mtu atafunapo, jino hudidimia kidogo sana, nyuzi hukazika, na mfupa huvutwa. Katika nyuzi hizo mna mishipa ya fahamu, na ndiyo imwezeshayo mlaji kutambua hata chembe moja ya mchanga katika wali.

Mvuto huo una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Mfupa ni kitu hai. Daima zimo ndani yake seli, yaani chembe hai, zinazoujenga, na nyingine zinazoubomoa. Mfupa unaotumika hujengwa. Mfupa usiotumika hubomolewa. Ndiyo maana mguu uliofungwa plasta kwa muda mrefu hudhoofu. Mfupa unaozunguka mzizi wa jino huishi kwa ajili ya jino hilo. Jino likitoka, nyuzi za kano hazipo tena, mvuto umekoma, na mfupa hauna tena sababu ya kuwapo. Uchunguzi umeonyesha kwamba baada ya jino kung'olewa, upana wa ukingo wa taya mahali pale waweza kupungua kufikia nusu katika miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Katika meno ya mbele hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo ni mwembamba sana, mara nyingi haufikii hata milimita moja.

Sasa twaweza kuirudia methali. Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kwa pembe za ndovu na kwa meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu lake mwenyewe, na baadhi ya meno yake ya bandia yalichongwa kwa meno ya kiboko. Meno ya namna hiyo yalikuwa na kasoro mbili. Kwanza, pembe ni dentini isiyo na enameli ya kuikinga. Hufyonza mate, hubadilika rangi, huoza na kunuka. Pili, jino la pembe hukaa juu ya ufizi tu. Halina mzizi, kwa hiyo haliuvuti mfupa. Badala yake huukandamiza. Huziba pengo machoni pa watu, huku pengo lenyewe likiendelea kukua chini yake.

Kasoro ya kwanza ilikwisha pembe ilipoachwa na plastiki kutumika. Kasoro ya pili haikuondoka. Nilivaa jino la plastiki la kuvua na kuvaa kwa miaka 13, na mara tatu ilibidi litengenezwe upya. Kila mara nilidhani kwamba limelegea kwa ubovu wa kazi ya fundi. Kumbe taya langu ndilo lililokuwa likipungua.

UGUNDUZI KATIKA MGUU WA SUNGURA

Kwa muda mrefu wataalamu walitamani kupata mzizi wa bandia. Dhahabu, platini, na aloi za kobalti na kromi zilijaribiwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mara nyingi matokeo hayakuridhisha. Mwili ulikizungushia kile kitu kigeni ala ya tishu laini ya nyuzi, mfano wa kovu, ukikitenga na mfupa. Mzizi wa bandia ulicheza ndani ya ala hiyo, bakteria wakaingia, na hatimaye ukatoka. Madaktari wengi waliamini kwamba hiyo ni kanuni isiyobadilika: mfupa haukubali kitu kigeni.

Aliyeibadili imani hiyo hakuwa akishughulika na meno. Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, tabibu kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa hai. Aliweka katika mfupa wa mguu wa sungura kijumba kidogo cha titani chenye lenzi, ili aweze kutazama kwa hadubini. Vijumba hivyo vilikuwa vya gharama, naye alitaka kuvitoa ili avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukaishika titani kwa nguvu, na hapakuwa na ala ya kovu baina yao.

Mtu mwingine huenda angelaani bahati yake na kutafuta metali nyingine. Brånemark alijiuliza swali: ikiwa mfupa umekishika kijumba, je, hautaushika mzizi wa jino? Alihamia Göteborg, akafanya majaribio kwa wanyama kwa miaka mingi, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wa kwanza, mwanamume aliyezaliwa na kasoro ya taya. Parafujo za titani alizowekewa mgonjwa huyo zilikuwa zingali zikifanya kazi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Wanasayansi wenzake hawakumwamini upesi, na walikuwa na haki ya kutaka ushahidi. Katika miaka ya 1970, André Schroeder wa Uswisi alifaulu kukata vipande vyembamba vya mfupa pamoja na metali iliyomo ndani yake, na kwa hadubini akaonyesha kwamba mfupa hakika umegusana na metali. Mwaka 1982, katika mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, matokeo ya miaka mingi ya Göteborg yaliwekwa mezani, na tangu hapo upinzani ulipungua. Brånemark alifariki mwaka 2014, baada ya kuona kazi yake ikienea duniani kote.

KWA NINI TITANI?

Wasomaji wa pwani ya Kenya wanaijua titani kwa njia nyingine. Mchanga wa Kwale, kusini ya Mombasa, una madini ya ilmenaiti na rutaili, ambayo yote yana titani. Madini hayo yalichimbwa huko kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na kusafirishwa ng'ambo kwa meli. Sehemu kubwa ya madini ya titani duniani haifanywi metali kamwe, bali hugeuzwa kuwa unga mweupe wa oksidi utumikao katika rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Sehemu ndogo tu ndiyo inayosafishwa ikawa metali.

Metali hiyo ina tabia inayoonekana kama fumbo. Kwa asili yake titani hupenda mno kuungana na oksijeni, nasi tungetazamia kwamba ingelika upesi katika mate na damu. Lakini kupenda kwake oksijeni ndiko kunakoiokoa. Mara uso wa titani unapogusana na hewa, hufanyika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. (Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.) Utando huo umeshikamana na metali, haupitishi kitu, na ukikwaruzwa hujiziba wenyewe papo hapo. Sufuria ya alumini hujikinga kwa njia hiyo hiyo. Chuma cha kawaida ni kinyume chake: kutu yake hubambuka na kuacha metali mpya wazi iliwe.

Kwa hiyo mwili haukutani na metali, bali hukutana na oksidi iliyotulia, isiyotoa sumu. Protini za damu hutua juu yake, na seli za kujenga mfupa hufuata na kuanza kazi. Aidha, titani haina ukaidi mkubwa kama chuma cha pua. Ukaidi wake wa kupindika ni karibu nusu ya ule wa chuma hicho, ijapokuwa bado umeuzidi ule wa mfupa mara kadhaa. Ni nyepesi pia: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 4.5, ambapo ya chuma ina karibu gramu 7.9.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Jino la kupandikizwa lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi chenyewe, yaani parafujo ya titani inayozikwa katika mfupa. Kwa jino la mbele mara nyingi kipenyo chake ni milimita 3.5 hadi 4.5 na urefu wake milimita 10 hadi 13. Ya pili ni kiungo kinachopita katika ufizi. Ya tatu ni taji ya kauri iliyopakwa rangi ifanane na meno ya jirani.

Kwanza daktari hupiga picha za eksirei ili apime urefu, upana na afya ya mfupa. Kisha humtia mgonjwa dawa ya ganzi, hufungua ufizi na kutoboa mfupa kwa keekee. Hapa fizikia ina sauti kubwa. Kila mtu aliyetoboa ubao anajua kwamba keekee hupata moto kwa sababu ya msuguano. Mwaka 1983 watafiti wa Göteborg, Eriksson na Albrektsson, walionyesha kwamba mfupa wa sungura ukipashwa joto la nyuzi 47 za sentigredi kwa dakika moja tu, hudhurika. Joto la mwili ni nyuzi 37. Maana yake ni kwamba daktari ana nafasi ya nyuzi 10 tu baina ya mfupa hai na mfupa uliokufa. Kwa hiyo hutumia keekee kali, huzungusha kwa mwendo wa wastani, hupanua tundu kidogo kidogo kwa keekee za ukubwa mbalimbali, na muda wote humwagia maji baridi ya chumvi.

Baada ya parafujo kukazwa, kazi hubaki kwa mwili. Damu huganda kuizunguka. Mishipa midogo huota. Seli hutandaza mfupa wa kwanza ulio laini, na baadaye mfupa huo hubomolewa na kujengwa upya ukiwa imara. Katika kipindi hiki parafujo haina budi kutulia. Ikisogea zaidi ya yapata milimita 0.15, badala ya mfupa itazungukwa na lile kovu la zamani, nayo itapotea. Ndiyo sababu Brånemark aliwangojesha wagonjwa wake miezi mitatu kwa taya la chini na hata miezi sita kwa taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Siku hizi, kwa kuwa uso wa parafujo hufanywa kuwa wa kukwaruza ili mfupa upate mahali pa kushika, muda huo umepungua. Pengine taji ya muda huwekwa siku ile ile, lakini kwa uangalifu mkubwa, nayo haitumiwi kutafunia.

Jino la mbele ni mtihani mgumu kuliko gego. Gego hufichika, jino la mbele husimama mlangoni. Milimita moja ya ufizi ikipungua, watu wataona. Na kama mfupa umekwisha kupungua, parafujo haina pa kusimama. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwaka 2009, nilipokuwa masomoni ng'ambo, daktari alinionyesha picha ya taya langu: mahali pa lile pengo la mwaka 1996 ukingo wa mfupa ulikuwa mwembamba kama upande wa kisu. Ilibidi kwanza kipande cha mfupa kichukuliwe nyuma ya taya langu la chini, kipandikizwe mbele, na kuachwa miezi mitano kishikane. Ndipo parafujo ilipowekwa. Kazi ambayo ingeweza kuwa moja ikawa mbili, na gharama ikaongezeka vivyo hivyo.

MIPAKA YAKE

Kipandikizi si jino. Hakina nyuzi za kano. Jino la asili hudidimia hata kufikia milimita 0.1 likibanwa, kipandikizi, kikiwa kimeshikwa na mfupa wenyewe, karibu hakisogei kabisa. Hakina mto wa kupunguza kishindo, wala hakina mishipa ya fahamu ya kumwonya mwenyewe kwamba anauma kitu kigumu mno. Kwa hiyo daktari huipunguza taji kidogo isibebe mzigo mzito kuliko jirani zake.

Kipandikizi hakiozi, lakini mfupa na ufizi vinavyokishika vyaweza kuugua. Utando wa bakteria ukiachwa kukizunguka, ufizi huvimba, na polepole mfupa huliwa. Wavutaji wa tumbaku, wagonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa, na watu waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi wamo katika hatari kubwa zaidi. Mswaki, uzi wa kusafishia kati ya meno, na ukaguzi wa daktari ni wajibu wa maisha. Hayo yakizingatiwa, matokeo ni mazuri: uchunguzi wa wagonjwa wengi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba vipandikizi vya jino moja moja hudumu miaka 10 kwa kiasi cha 95 katika kila 100.

Isitoshe, si kila jino lililoharibika linahitaji kipandikizi. Jino lililovunjika taji tu laweza kujengwa upya, na kipande chake kikiokotwa kwa kawaida chaweza kugandishwa mahali pake. Jino lililokufa kiini laweza kusafishwa mzizi, kujazwa na kudumu miaka mingi. Hata pengo laweza kuzibwa kwa daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani. Daktari mwema hung'oa jino baada ya kushindwa kuliokoa, wala hang'oi ili apate kupandikiza.

KWA NINI KIJANA ANGOJE

Mara nyingi wazazi wa kijana aliyepoteza jino la mbele huuliza kama yaweza kupandikizwa jingine mara moja. Jibu ni kwamba haifai, na sababu yake imo katika yale tuliyokwisha kusoma.

Taya la kijana lingali likikua. Meno ya asili, yakiwa yameshikwa na nyuzi za kano, husogea pamoja na ukuaji huo, yakishuka na kusonga mbele kidogo kidogo. Kipandikizi kimeungana na mfupa; hakiwezi kusogea. Kikiwekwa katika umri wa miaka 13, baada ya miaka michache meno ya jirani yatakuwa yameshuka na chenyewe kimebaki juu, kama mwanafunzi aliyeachwa nyuma na darasa lake. Nguvu ile ile ya mfupa iliyotufurahisha huwa hasara. Kwa hiyo madaktari hungoja mpaka ukuaji wa uso umetulia, kwa kawaida si kabla ya miaka 18 hivi kwa wasichana na miaka 20 au zaidi kwa wavulana. Na hata baada ya hapo mabadiliko madogo huendelea.

Hapo pana tatizo. Kijana hana budi kungoja, lakini mfupa wake haungoji. Ndiyo maana kulirudisha jino lake mwenyewe, hata kama litadumu kwa miaka michache tu, ni jambo la thamani kubwa. Jino hilo huushikilia mfupa hadi taya likomae.

SAA MOJA YA UWANJANI

Jino likipigwa likang'oka zima, vipande vya nyuzi za kano hubaki vimeshika mzizi wake, na seli zake zingali hai. Zikikaa kavu huanza kufa baada ya dakika chache; baada ya saa moja hakuna tegemeo kubwa kwamba zingali hai. Mwalimu aliyepo uwanjani ndiye tabibu wa kwanza, na haya ndiyo ya kufanya:

1. Kwanza amtazame mwanafunzi. Ikiwa amepoteza fahamu, ana jeraha la kichwa au anavuja damu nyingi, msaada wa hayo hutangulia. Jino lake litiwe katika maziwa, naye apelekwe hospitali.

2. Ahakikishe kwamba ni jino la ukubwani. Jino la utoto halirudishwi, kwa maana laweza kuliharibu jino linaloota chini yake.

3. Alishike kwa taji, kamwe si kwa mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kwa muda mfupi kwa maziwa, au kwa maji safi ya baridi. Lisisuguliwe, wala lisitiwe sabuni au dawa.

4. Alirudishe katika tundu lake, upande wa mbele ukiwa mbele, kisha mwanafunzi aume kitambaa safi ili lisitoke.

5. Akishindwa kulirudisha, alitie katika kikombe cha maziwa baridi. Yasiwe maziwa ya mgando, kwa kuwa yana asidi. Pasipo maziwa, mwanafunzi alitemee mate katika chombo safi lilowe humo. Maji matupu ni afadhali kuliko kukauka, lakini si mahali pa kulihifadhi.

6. Ampeleke kwa daktari wa meno mara moja. Daktari atalifunga jino kwa gango kwa muda wa wiki mbili hivi, ataangalia kama kuna haja ya chanjo ya pepopunda, na baadaye mara nyingi atautibu mzizi.

Jino langu lilisuguliwa, likatiwa sabuni, likakaushwa katika karatasi. Kila moja ya hatua hizo ilifanywa kwa nia ya usafi, na kila moja iliua seli ambazo zingeweza kuniokoa.

KWA MWALIMU WA SAYANSI

Sababu ya kutumia maziwa badala ya maji yaweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Kata vipande vitatu vya kiazi ulaya vyenye urefu sawa, sentimita 5 kila kimoja. Tia kimoja katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi, cha tatu katika maziwa. Baada ya saa mbili vipimwe na kupindwa kwa vidole. Kile cha maji kitakuwa kigumu, kwa sababu maji yameingia katika seli zake kwa osmosisi. Kile cha chumvi kitakuwa kimelegea. Wanafunzi wakilinganishe cha tatu na hivyo viwili, kisha waeleze. Wakumbushwe kwamba seli ya kiazi ina ukuta mgumu unaoizuia isipasuke, ambapo seli ya nyuzi za kano haina. Ikitiwa katika maji matupu huvimba na kupasuka. Maziwa yana chumvi na sukari kwa kiasi kinachokaribia kile cha damu, ndiyo maana seli hutulia ndani yake.

Baada ya jaribio hilo, yafaa zile hatua sita ziandikwe na kubandikwa mahali vinapowekwa mipira na jezi za shule. Titani inaweza kuziba pengo la mtu mzima, kwa fedha nyingi na subira ya miezi mingi. Kikombe cha maziwa chaweza kulizuia pengo lisiwepo.